Dawa Iliyovuta Greda

Tangu lami ilipotoka Lamadi ikapita Bariadi, ikashuka Maswa hadi kutokea Mwigumbi, watu wa Simiyu hawasafiri tena, wanateleza. Yupo mama mmoja wa Nyalikungu alipanda basi na kikombe cha chai mkononi, akapitiwa na usingizi, akazinduka yuko stendi ya Bariadi. Chai imejaa vilevile, na ule utando wa maziwa juu haujapata hata mkunjo. Ng'ombe nao wameharibika. Ukishawapitisha kwenye lami mara moja, ukitaka kuwarudisha njia ya vichakani wanasimama wanakutazama, kama vile umewatajia mama zao. Na hao ni ng'ombe. Binadamu je, ambaye zamani akitoka Bariadi kwenda Maswa wakati wa masika alikuwa anagawa urithi kwanza ndipo anaaga? Wengine walikofika ndiko walikooa, maana kurudi ilikuwa safari nyingine ya kufikiria upya.

Kwa hiyo habari zilipovuma kwamba barabara ile kubwa itazaa tawi, litoke Bariadi, lipite katikati ya Itilima mpaka Migato, kijiji cha Mwangolelo hakikulala. Wenye maduka walipaka rangi. Wasio na maduka walipaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba, wakasubiri duka lije lenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwa na nafasi ya kufikiria barabara. Huyo ni Mayunga, ningi wa kundi la ngoma la Bagika.

Ningi ni mtu mkubwa. Ndiye anayetunga nyimbo, anayetangulia kucheza, anayetukanwa na wapinzani kwa niaba ya kundi zima. Na mpinzani wa Mayunga alikuwa Ngassa, ningi wa Bagalu, mtu aliyemwoa dada yake Mayunga, hivyo walikuwa mashemeji mwaka mzima na maadui msimu wa ngoma. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, makundi hayo mawili yanakutana kwenye uwanja mmoja, hili linapiga upande huu, hili upande ule, kwa saa ileile. Hakuna alama wala makaratasi. Watu wako huru, wanakimbilia kunakowanogea. Aliyejaza watu ameshinda, aliyekimbiwa ameshindwa. Mwamuzi ni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyanda, na kazi yake ni kutazama watu wako wapi, basi.

Ila kuna sheria moja ya tangu zamani. Ningi akikimbiwa misimu mitatu mfululizo, anakunja ngoma zake, na vijana wake wanahamia upande wa pili. Mayunga alikuwa amekimbiwa miwili. Mwaka uliopita hali ilikuwa mbaya zaidi: waliobaki kumtazama walikuwa mkewe Apolonia na mbuzi mmoja. Huu ulikuwa msimu wa tatu. Akishindwa, atawaona vijana aliowafundisha tangu hawajui kufunga njuga wakimchezea Ngassa, na yeye mwenyewe atapewa kazi ya kubeba maji.

Ndiyo maana Jumamosi yote alikuwa Migato kutafuta ngozi mpya ya ngoma kubwa. Na ndiyo maana hakuwaona wapima barabara walipopita Mwangolelo siku hiyo, wakatia alama zao na kuondoka.

Jumapili asubuhi Apolonia alikwenda misani. Mayunga akaenda uwanjani. Akakuta vigingi.

Vilikuwa vigingi vya mti, vimechongwa vizuri, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Vilikuwa vimeingia uwanjani kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi, vikakata katikati, vikatokea upande wa Ngassa na kuendelea hadi vikamezwa na mabua ya pamba. Mayunga alisimama. Alama za barabara alizozijua yeye ni zile nguzo za zege kule kwenye lami ya Bariadi. Hivi vya mti, vyenye vichwa vyekundu, kwenye uwanja wa ngoma, siku chache kabla ya mashindano, vilikuwa na maana moja tu kwa mtu aliyezaliwa Usukuma.

"Samba," alisema kwa sauti.

Samba ni dawa ya kuvuta watu. Kila ningi anayo, na kila ningi anakana. Wengine huipaka usoni, wengine huifukia mlangoni mwa uwanja ili mtazamaji akivuka tu, miguu ienende yenyewe. Lakini Mayunga hakuwahi kuona samba ya kupangwa mstari namna ile, tena wazi wazi, mchana kweupe. Alimchukia shemeji yake, na papo hapo akamheshimu.

Dawa ya mwenzio huing'oi ukaitupa. Anayeitupa anapata kigugumizi, na ningi mwenye kigugumizi heri awe mchunga bata. Dawa unaigeuza. Mayunga alizunguka uwanja akiwaza, akichuchumaa, akifumba jicho moja. Halafu akaanza kazi. Aliking'oa kigingi kwa heshima, akakiomba radhi, akakipanda pembeni kidogo. Akaking'oa kinachofuata, akakipanda pembeni zaidi. Mpaka kengele ya kanisa inalia watu watoke, mstari ulikuwa umejipinda taratibu, mpinde mzuri kama mkono wa mtu anayekukaribisha ndani, ukaacha upande wa Ngassa, ukapita nyuma ya banda la kuku la Mayunga mwenyewe, ukaishia karibu na lambo, pale anapofanyia mazoezi na kundi lake.

Apolonia alirudi na kitenge chake cha misa, akamkuta anafuta jasho.

"Baba Kabula, umegusa nini?"

"Sijagusa. Nimegeuza."

"Umegeuza nini?"

"Mambo ya wanaume hayo, mama Kabula. Pika."

"Napika. Ila ungewauliza watu kwanza vimetoka wapi vitu vyenyewe."

"Nimuulize Ngassa dawa yake imetoka wapi? Halafu nimwombe na kijiko?"

Jumatatu jua likiwa limepanda kidogo, Bagika walikuwa lamboni wakifanya mazoezi, wakasikia mngurumo. Ngoma zikanyamaza. Toka upande wa Bariadi lilikuja greda.

Watu wa Mwangolelo walikwisha kuona trekta, walikwisha kuona lori la pamba. Hili lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa la njano, refu kama safari, na tumboni lilibeba kisu kipana kuliko mlango wa godauni. Lilipopita, ardhi iliyokuwa na mashimo, visiki na hasira za miaka yote ililala chini ikawa laini, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Bibi mmoja alivua kandambili, akapita juu yake peku kwa adabu. Waliokuwepo wanaapa kwamba mchwa walitoka kwenye kichuguu kwa foleni wakalipisha njia kabla halijafika.

Greda likaingia uwanja wa ngoma. Likafika katikati. Likapinda.

Greda liliacha upande wa Ngassa kama vile kuna ukoma, likafuata mpinde, kichwa chekundu kwa kichwa chekundu, likapita nyuma ya banda la kuku likachukua kona moja ya banda pamoja na jogoo juu yake, likaja moja kwa moja hadi lamboni, mbele ya Mayunga. Hapo udongo ulikuwa ule mweusi wa mbuga, uliokauka juu na kuwa uji chini. Magurudumu yakazama. Greda likaguna, likazama zaidi, likazimika.

Dereva akachungulia. Alikuwa kijana wa Maswa aitwaye Paschal.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka," alijibu Mayunga.

"Samahani, mzee wangu. Hii barabara inaelekea wapi?"

"Inakuja kwangu."

"Kwako kuna mradi gani?"

Mayunga alikuwa anatazama mikono yake miwili. Dawa iliyokusudiwa kuvuta watu wa Mwangolelo imevuta chuma kutoka Bariadi! Na mtu ndani yake!

Mhandisi alifika kwa gari kabla ya saa sita. Alikuwa dada wa makamo, Benedikta, mzaliwa wa Nyalikungu, na kofia yake ya plastiki nyeupe ilikuwa na vumbi la barabara zote za mkoa. Alitazama greda. Alitazama banda la kuku. Alifuata vigingi kwa mguu hadi uwanjani na kurudi, na aliporudi Mzee Nyanda alikuwa amekwisha kuita kijiji chote.

"Paschal," alianza, "nilikupa mstari ulionyooka, wa barabara ya njia mbili."

"Bosi, mimi naambiwa fuata vigingi, nafuata vigingi. Vingepanda mti ningepanda."

Benedikta akawageukia watu. "Wazazi wangu, nawaamkia. Kuhamisha kigingi cha barabara ni kosa la kisheria. Mtu anakwenda ndani kwa hili. Sasa nauliza mara moja tu. Nani amehamisha vigingi vyangu?"

Watu walitazama vidole vya miguu. Sasa ndiyo Mayunga alikuwa anaelewa: vigingi ni vya barabara. Akaona heri anyamaze hadi jua lizame.

Ndipo Ngassa akasimama.

Ngassa alikuwa ametembea kwenye ule mpinde asubuhi yote. Alikuwa ameona jinsi mashine kubwa ilivyoacha njia yake na kwenda ilikoelekezwa, na wivu ulikuwa umemla hadi kwenye mifupa. Akakohoa, akarekebisha mgolole wake.

"Mhandisi, usisumbue watu. Vile ni vyangu mimi."

"Vyako?"

"Dawa yangu. Niliipanda kuvuta watu. Kwa bahati mbaya ni kali sana, ikavuta na mtambo wako. Nakuomba radhi. Nitapunguza kipimo."

Watu wakasema "Eee!" kwa mshangao, na wasichana wawili wa Bagika wakamtazama Ngassa kwa jicho jipya kabisa. Mayunga aliliona jicho hilo. Jela akaisahau palepale.

"Mwongo!" alipiga kelele akisimama. "Mwongo huyu! Mhandisi, usimwandike huyo! Vigingi nimevihamisha mimi, kwa mikono hii, Jumapili wakati wa misa!"

"Shemeji, kaa chini, unajiaibisha."

"Nikae chini uninyang'anye kosa langu? Sema basi uliking'oa kigingi kwa mkono upi!"

"Wa kulia."

"Wa kushoto! Dawa haigeuzwi kwa mkono wa kulia, wewe ningi wa kuazima! Na kama ni dawa yako, mbona greda limekuja lamboni kwangu halikuja kwako? Ulilivuta ili linisalimie mimi?"

Apolonia alifunika uso kwa kitenge. Mzee Nyanda alitazama juu, akitafuta mawingu. Benedikta alivua kofia yake akaiweka mbele ya mdomo, na waliokaa karibu waliona mabega yake yakitikisika. Babu yake alikuwa amecheza Bagalu kule Maswa hadi magoti yakagoma. Mpinde ule wa kugeuza dawa alikuwa ameutambua tangu mwanzo.

"Ngoja kwanza," alisema alipoweza kusema. "Mimi nimeleta kosa la jela, nyinyi mnaligombea?"

"Hatugombei kosa, mayu, mama yetu," alisema Mayunga kwa upole. "Tunagombea sifa."

"Haya. Greda limekwama. La kulivuta liko Kiloleli kule Busega, halifiki wiki hii. Kazi imesimama, na mkandarasi akisikia sababu yenyewe atanicheka hadi nistaafu. Sifa mtagawana. Mtambo wangu utatoka vipi?"

Mzee Nyanda akajikohoza. Alikuwa mwenyekiti wa muda mrefu, na alijua mambo mawili yanapogongana yanaweza kufungwa kamba moja.

"Mashindano yalipangwa yawe Alhamisi," alisema. "Yatakuwa kesho, hapa hapa. Bagika magurudumu ya kushoto, Bagalu ya kulia. Majembe na mawe. Watu watakaa katikati, wachague. Na sheria ni ileile."

Mayunga aliposikia "sheria ni ileile" alihesabu alichonacho. Ngozi mpya ya ngoma ilikuwa bado mbichi. Wimbo mpya ulikuwa na ubeti mmoja. Lakini Ngassa alikuwa amekwisha kuitikia, na mwanamume hawezi kudai kosa asubuhi halafu akaogopa jembe mchana.

Jumanne watu walikuja kama wamemwagwa. Habari za dawa iliyovuta greda zilikuwa zimefika Lagangabilili na Migato, na zilipofika huko greda lilikuwa limekuwa magreda matatu na helikopta. Pikipiki zilipangwa hadi makaburini.

Kulima kwa ngoma si jambo geni Usukuma. Jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa, linashuka kwa mpigo mmoja na jirani. Lakini kulima chini ya tumbo la greda hakuna aliyekuwa amekuona. Kushoto majembe ya Bagika yalipanda yakashuka, udongo mweusi ukaruka, mawe yakapitishwa mkono kwa mkono. Kulia Bagalu nao vilevile. Benedikta alizunguka akionyesha wapi pachimbwe na wapi jiwe likae, na bila kujijua kisigino chake kilikuwa kinafuata ngoma ya Ngassa.

Mayunga alianza kwa kumchokoza mpinzani, kama inavyotakiwa.

"Ngassa sauti yake ni bomba la kijiji! Unapampu, unapampu, inatoka hewa!"

Watu wakacheka, wakasogea kushoto. Ngassa akasubiri kicheko kiishe, akajibu:

"Mwaka jana Mayunga alitazamwa na mbuzi! Na mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kamba!"

Aaah! Hapo watu walianguka. Hata Bagika wawili waliangusha majembe. Umati ukamiminika kulia, na Mayunga akaubakiza ule ubeti wake mmoja kooni. Alicheza. Alirusha jembe hadi likapotea kwenye jua, akalidaka nyuma ya mgongo. Wachache wakarudi. Wakaenda tena. Siku nzima ilikwenda hivyo, watu kama maji kwenye karai, huku na huku, na kila yakirudi kushoto yalikuwa yamepungua.

Jua lilipoanza kulegea, Benedikta akainua mkono. Paschal akawasha. Greda likatetemeka, likashika mawe ya kushoto, likashika mawe ya kulia, likapanda, likapanda, likatoka likinguruma kama limezaliwa pale pale. Vigelegele vikapasua anga. Likageuka taratibu, likarudi uwanjani hadi kwenye mstari wa kweli, ambao vijana wa upimaji walikuwa wameusimika upya, likashusha kisu, likaanza kukata kuelekea Migato.

Na watu wote wakalifuata.

Wote. Kushoto hakubaki mtu, kulia hakubaki mtu. Wakongwe kwa wachanga walikimbia nyuma ya greda kutazama udongo ukigeuka kuwa barabara mbele ya macho yao. Lamboni walibaki maningi wawili, makundi yao yanahema, na Apolonia.

"Tumekimbiwa wote," alisema Mayunga.

"Wote," alikubali Ngassa akifuta matope usoni. Kisha akatabasamu. "Ila mimi ni msimu wa kwanza, shemeji. Wewe ni wa tatu. Vijana wako waje kesho asubuhi, waje na njuga zao. Dada yako atakupikia ukija kubeba maji."

Mayunga aliwatazama vijana wake. Walikuwa wanatazama chini, matope hadi kiunoni. Akamtazama Apolonia. Apolonia aliinama, akaokota ngoma kubwa yenye ngozi mbichi, akamtwisha begani.

"Watu wako kule," alisema. "Unasubiri nini huku?"

Mayunga akakimbia. Mtu wa umri wake, njuga miguuni, ngoma begani, alikata kona kupitia shamba la pamba, akaruka mfereji, akaruka mbuzi, akatokea mbele ya greda likiwa bado mbali. Vijana wake walimfuata bila kuitwa. Akasimama katikati ya mstari, akageuka, akapiga.

"Mzee, toka njiani!" Benedikta alipaza sauti.

Hakutoka. Alianza kucheza akirudi nyuma, uso kwa kisu, greda likimfuata. Kisha akapita pembeni, akazunguka, akaingia kwenye sehemu iliyokwisha kukatwa, kati ya greda na umati. Hapo ndipo miguu yake ikagundua kitu. Maisha yake yote alikuwa amecheza kwenye mavumbi, kwenye majani, kwenye mashimo ya kwato, nusu ya akili iko kwenye wimbo na nusu inatafuta pa kukanyaga. Sasa chini palikuwa tambarare. Palikuwa pagumu, pamenyooka, palimrudishia kila pigo. Njuga zililia kama hazijawahi kulia. Akili yote ikarudi kwenye wimbo, na nyimbo zikaja zenyewe, ubeti juu ya ubeti: za greda, za mhandisi wa Nyalikungu, za mtu atakayeugua usiku Migato na kufika hospitali ya Bariadi kabla hajamaliza kulalamika, za pamba itakayofika ginari kuchambuliwa ikiwa bado nyeupe. Umati ukaitikia. Paschal akapunguza mwendo, akawa anapiga honi mahali pa ngoma ya pili.

Ngassa alifika amepakiwa kwenye pikipiki, na Mzee Nyanda amepakiwa kwenye nyingine.

"Mwenyekiti, hii si haki!" Ngassa aliruka chini. "Watu wanafuata greda, hawamfuati yeye!"

Mzee Nyanda alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayenunua dume la ng'ombe. Watu wa Mwangolelo, wa Migato, wa Lagangabilili, wote walikuwa nyuma ya Mayunga, mabega yanakwenda pamoja, vumbi limewafunika hadi magotini.

"Kazi yangu ni kuona watu wako wapi," alisema. "Wamefuata nini, sheria haisemi."

"Lakini..."

"Wako kwa Mayunga. Nimemaliza."

Vijana wa Bagika walipiga yowe likasikika hadi Bariadi, na wapo wanaosema hadi Maswa, maana kwenye lami hata sauti haikwami. Ngassa alibaki pembeni ya barabara mpya, mikono kiunoni, nyuma yake Bagalu wamekwisha kufika na ngoma zao, hawajui wazipige au wazifiche. Umati ulikuwa unampita. Alionekana mdogo.

Mayunga alimwona. Hakuacha kucheza, mtu haachi kucheza kwenye ardhi kama ile. Alimwita tu, kwa sauti iliyobaki.

"Shemeji! Unashangaa nini huko kwenye majani? Mhandisi kasema ni ya njia mbili. Shika ya kwako, twende!"